Kasa wa bwawani anaondoka lini?

Tangu shule zifungwe mwezi Juni, barua nyingi zinazotufikia ni za baharini: waliokwenda Unguja wakaogelea na kasa, waliovuka kwenda kisiwa cha Mbudya, na mfanyakazi wa hoteli ambaye bosi wake anataka papa mapokezi. Tumechagua sita.

SWALI: Habari za kazi. Nilikwenda Nungwi na watoto wangu, wa miaka 6 na 11. Tulilipa kiingilio, tukashuka kwenye bwawa la kasa, tukawalisha mwani kwa mkono, watoto wakaogelea nao. Mwenyeji wetu alisema kasa hao waliokolewa kwenye nyavu na pale wanatunzwa. Mkubwa wangu akaniuliza, "Mama, wakishapona wanakwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Je, tulikosea?
*Mama wa wawili, Tabata*

JIBU: Mama, mwanao ameuliza swali ambalo kila mtu angeliuliza kabla ya kutoa pesa dirishani. Kasa aliyeokolewa ni mgonjwa. Mgonjwa ana siku aliyoingia wodini, ana kinachomuuguza, na ana siku ya kuruhusiwa. Kama siku ya kuruhusiwa haipo, basi hapo neno "kuokolewa" limebaki kwenye kibao cha mlangoni tu.

Kasa wengi wanaonaswa nyavuni hawahitaji bwawa hata kidogo. Kasa anapumua hewa kama sisi. Kinachomuumiza kwenye jarife ni kukosa pumzi, na nyuzi zinazomkata vikono. Akitolewa mchangamfu, anarudishwa majini palepale. Aliyezidiwa na maji anahitaji kivuli na saa kadhaa za kutulia. Anayestahili kuwekwa kwenye tangi ni yule mwenye ndoano kooni, kikono kilichokatika au gamba lililopasuliwa na panga la boti, na huyo huwekwa peke yake, kwenye maji safi. Watu hawaogelei naye, kwa sababu kidonda chake kinaweza kuoza kwa uchafu wanaoingia nao. Kwa hiyo ukikuta bwawa moja lina kasa kumi na tano, wote wazima, wote wanakuja mbio mwani ukinyooshwa, umekwisha kupata jibu la mwanao.

Ukitaka uhakika zaidi, omba kuona daftari. Kituo cha kweli kina ukurasa wa kila mnyama: tarehe ya kuingia, alipatikana wapi, urefu wa gamba, uzito, tatizo lake, namba ya kibati kilichobanwa kikononi, na tarehe ya kutoka. Wakikuambia "wapo wengi, hatuandiki", shukuru na uondoke.

Kisha mwangalie mnyama mwenyewe. Tazama kingo za nyuma za vikono vya mbele na ngozi ya shingoni. Vijidonda vyeupe vyenye umbo la nusu mwezi ni alama za kung'atana: kasa ni mnyama wa peke yake, wakibanwa pamoja na kugombea chakula huumana. Machozi yasikutishe. Kasa hutoa chumvi kupitia tezi za macho, na machozi maangavu ni afya yake. Tatizo ni kope zilizovimba au ute mzito wa njano. Kingine ni kasa anayesukuma pua yake ukutani, anarudi, anasukuma tena palepale. Ngozi ya pua huwa imechubuka hadi nyekundu.

Maji ya mabwawa mengi ya pwani hubadilishwa na bahari yenyewe kwa kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji ya pwani yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 na bwawa husafishika. Yakija maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa inakuwa ndogo, na bwawa lililo juu ya mwamba linaweza kukaa siku kadhaa bila maji mapya. Kinyesi, mabaki ya mwani, mkojo wa waogeleaji na mafuta ya kujikinga na jua vyote vinabaki humo. Mtu anayetaka kujua bwawa likoje asiende tarehe 1 au 15 ya mwezi mwandamo. Aende tarehe 8 hadi 10, au 22 hadi 24, ainame akaangalie utando juu ya maji.

Jambo linalotuuma kuliko yote ni kulisha kwa mkono. Kasa wa kijani aliyekomaa anakula nyasi bahari na mwani, kwa hiyo kwake chakula chenyewe pengine ni sahihi (kabichi na mkate si sahihi). Ubaya ni somo analojifunza. Kwa miaka mitatu au minne anafundishwa kwamba kivuli cha binadamu maana yake ni chakula. Siku akiachiwa, ataifuata boti ya kwanza atakayoisikia, na aliye kwenye boti hiyo anaweza kuwa na panga.

Na kama mlionyeshwa watoto wa kasa kwenye beseni, hilo nalo tulisemee. Mtoto wa kasa akitoka kiotani ana akiba ya kiini cha yai tumboni, na kwa saa 24 hivi za mwanzo huogelea bila kupumzika ili apite mawimbi na samaki wa ufukweni, afike maji makuu. Akiwekwa kwenye beseni, nguvu hiyo anaimalizia kwenye plastiki. Wiki mbili baadaye wenzake wamemng'ata vikono na bado anapigwa picha. Marekani walijaribu kuwakuza watoto wa kasa kwenye matangi kabla ya kuwaachia, tangu mwaka 1978, kwa wataalamu na fedha za serikali. Baada ya miaka kama 15 mradi ulisimamishwa, kwa kukosa ushahidi kwamba ulikuwa ukiongeza kasa baharini.

Umeuliza kama mlikosea. Mliingia kwa nia njema na mkaambiwa jambo ambalo hamkuwa na njia ya kulipima. Ila kiingilio chenu ndicho kinacholiweka bwawa lile. Msirudi, na mwanao mpe jibu lake: wengi hawaendi popote. Tena, mikono ya watoto ioshwe kwa sabuni kila wanapogusa kasa au maji yake. Wanyama hawa hubeba vijidudu vya salmonela, na walio chini ya miaka mitano ndio huumwa vibaya zaidi.

SWALI: Kuna ubaya gani kumshika kiti cha pweza kwa picha moja tu halafu nikamrudisha? Kule Mbudya kila mtu anafanya.
*Msomaji, Sinza*

JIBU: Kiti cha pweza, yule wa umbo la nyota, hana mapafu wala matamvua kama ya samaki. Anavuta hewa iliyomo majini kwa vinyama laini vilivyojitokeza mgongoni na kwa miguu midogo ya chini, ile inayonyonya kiganja chako. Ukimtoa nje, vyote hivyo vinalala na kukauka, na jua la saa sita linampika juu ya mkono wako. Picha yako ni moja, lakini fungu la mchanga likipokea boti nane kwa siku, yule mwekundu aliye karibu na boti anainuliwa mara thelathini. Wanaowekwa vichwani na kupangwa mstari mchangani ndio hukutwa jioni wamelegea na miiba inadondoka. Inama, piga picha maji yakiwa yamemfunika. Bongoyo na Mbudya ni maeneo tengefu ya bahari tangu mwaka 1975, hutakiwi kuondoa kiumbe chochote, awe hai au gamba tupu.

SWALI: Mimi ni mvuvi hapa Kunduchi. Jarife langu linanasa kasa mara kwa mara, wengine wazima, wengine wamelegea. Kuna mtu ananipigia simu, anasema nikimpata hai nimuuzie, ana wateja wa mabwawa. Nikimwachia napata hasara ya wavu uliochanika. Nifanye nini?
*Mvuvi, Kunduchi*

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Kwanza lile la simu. Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009, zilizo chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, zinakataza kumvua, kumiliki na kumuuza kasa, awe hai au nyama. Anayekupigia simu anajua hivyo, ndiyo maana anataka wewe ndiye ushikwe naye njiani. Kuna na hili: pesa ikishapangwa kwa kasa hai, kuna kijana atakayetega kwa ajili yake. Hapo hatuiti tena bahati mbaya ya wavu.

Sasa kasa aliyelegea. Wengi hutupwa majini wakidhaniwa wamekufa, wakazama na kufa kweli. Mlaze kifudifudi, tumbo chini, kamwe si chali. Inua sehemu ya nyuma kwa sentimita 15 au zaidi, weka boya au gunia la kamba chini yake, ili maji yatoke mapafuni. Mfunike gamba kwa kitambaa kilicholoa na mweke kivulini. Pua na mdomo viachwe wazi. Usimminye tumbo wala kumwagia maji puani. Mguse polepole pembeni ya jicho au mkia kila baada ya muda, akisinyaa kidogo yu hai. Anaweza kuchukua saa 4, anaweza kuchukua 24. Akianza kuinua kichwa na kupiga vikono, zima injini, mshushe taratibu kutoka nyuma ya chombo, kichwa kikitangulia, mahali pasipo na nyavu.

Kama ana ndoano na inaonekana, kata mshipi karibu na ndoano. Usivute ule ulioingia kooni, unapasua utumbo. Huyo mpigie afisa uvuvi au viongozi wa BMU yenu, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za pwani. Shirika la Sea Sense, ambalo makao yake ni hapa Dar es Salaam, limefanya kazi na wavuvi wa pwani hii kwa miaka mingi kuhusu kasa, nao wanahitaji namba ya kibati ukiiona kikononi: iandike, usiking'oe.

Kuhusu wavu, kasa hukaza nyuzi kwa kujizungusha. Ukikata nyuzi mbili tatu mapema pembeni ya kikono unaokoa wavu kuliko kumvuta na kusubiri achoke. Na jarife likiangaliwa kila saa moja badala ya kulazwa usiku kucha, kasa wengi watakutwa hai na samaki wako hawatavimba.

Asichinjwe pia, na hapa tunasema kwa uchungu. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, watu 9 walifariki baada ya kula nyama ya kasa, wanane kati yao watoto. Sumu hiyo haitoki kwa kupika.

SWALI: Nina kampuni ndogo ya kutembeza wageni, ofisi ipo Upanga. Wateja waliokwenda Dubai wananionyesha picha wakibusiwa na pomboo bwawani, wananiuliza kwa nini Dar hatuna. Kuna mwenye mtaji amenifuata tuanzishe cha kwetu. Anasema pomboo tunao bure hapa baharini. Naomba ushauri wa kweli, hasa gharama na sheria.
*Mtembeza wageni, Upanga*

JIBU: Kaka, hao wa bure ndio hasa usioruhusiwa kuwagusa. Kanuni zilezile tulizomtajia mzee wa Kunduchi zinawalinda pomboo, nyangumi na nguva. Mwenzako akitaka kuagiza kutoka nje, kuna kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kutoka nchi inayotoa. Karatasi zinaweza kupatikana. Lakini mnyama atakayeshuka uwanjani hataishi kwenye karatasi, kwa hiyo tuzungumzie bwawa.

Chukua kipimo cha chini kinachokubalika kisheria Marekani, nchi yenye uzoefu mrefu wa biashara hii. Kwa pomboo wa ukubwa wa hawa wetu, upana ni mita 7.32 na kina mita 1.83. Likiwa la duara, linaingia lita 77,000 hivi, yaani maboza nane ya lita elfu kumi. Pomboo wa pwani yetu ana urefu wa karibu mita 2 na nusu. Akijinyoosha mara tatu amegusa ukuta wa pili. Kwenye kina hicho mtu mrefu akisimama, utosi wake unachungulia juu ya maji. Baharini mnyama huyuhuyu anapiga mbizi makumi ya mita na kusafiri makumi ya kilomita kwa siku. Bwawani, kwenye maji ya kina kifupi, hana pa kujificha na jua la Dar, ngozi yake inaungua. Na hili ni bwawa halali kabisa, usifikirie la mtu anayebana matumizi.

Chakula: mmoja anakula asilimia 4 hadi 6 ya uzito wake, kwa hiyo kilo 6 hadi 12 za samaki kila siku, kwa umri unaoweza kupita miaka 40. Samaki hao wanahifadhiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, na wakishayeyushwa walishwe ndani ya saa 24. Umeme ukikatika usiku, friji likayeyuka na kuganda tena, vibua huanza kutengeneza sumu iitwayo histamini, na pomboo anaumwa. Hata barafu ikishika vizuri, kimeng'enya kilichomo kwenye vibua na samaki wa jamii hiyo kinaendelea kuila vitamini B1 humohumo kwenye barafu. Ndiyo maana kila kilo ya samaki huwekewa miligramu 25 au zaidi za B1 na vipimo 100 vya vitamini E, vidonge vinasukumwa ndani ya mashavu ya samaki. Anayesahau kwa wiki kadhaa anaona mnyama anaanza kuyumba na kupata degedege. Pia pomboo hanywi maji, anayapata ndani ya samaki. Akigoma kula siku mbili tatu, anakauka, na hapo ni bomba kupitia kooni hadi tumboni.

Maji nayo yanatiwa klorini kuua vijidudu vya kinyesi. Klorini ikikutana na mkojo inatoa gesi ile inayowasha macho kwenye mabwawa ya kuogelea. Wewe unatoka baada ya saa moja. Yeye analala humo.

Utasikia pia hoja kwamba sauti yake inagonga kuta na kurudi hadi achanganyikiwe. Sisi hatuiweki mbele, ushahidi wake ni mwembamba kuliko wa mambo mengine: vidonda vya tumbo, kuelea juu ya maji bila kujongea, kuzunguka upande uleule saa baada ya saa. Na lile busu analofurahia mteja wako ni kazi ya ujira. Samaki hutolewa akishatii. Uso anaouona unacheka ni umbo la taya, halibadiliki. Pomboo aliyekufa ufukweni ana tabasamu lilelile.

Mwenye mtaji mweleze habari za Tilikum. Ni orka, jamii kubwa kuliko zote katika ukoo wa pomboo, aliyekamatwa Iceland mwaka 1983 akiwa na miaka miwili hivi. Alihusika na vifo vya watu watatu, wa mwisho mkufunzi wake Dawn Brancheau, kwenye bustani ya maonyesho ya kampuni ya SeaWorld, Orlando, Marekani, Februari 2010. Mwaka 2016 kampuni hiyo ilitangaza kuacha kuzalisha orka, na Tilikum akafa Januari 2017 bado yumo bwawani. India ilikataa mabwawa ya maonyesho ya pomboo mwaka 2013, Kanada ikapiga marufuku ufugaji wao 2019, Ufaransa ikapitisha sheria yake 2021. Mnataka kununua duka ambalo wenzenu wanalifunga, na shida yao kubwa sasa ni wanyama waliobaki. Keiko, orka mwingine wa Iceland, alikamatwa 1979 na kurudishwa kwenye maji ya kwao 1998 kwa gharama kubwa mno. Alitoka, akaogelea hadi Norway, akawa anawafuata watu na boti, akafa Desemba 2003 bila kujiunga na kundi. Swali la mtoto wa Tabata kwa pomboo wa bwawani halina jibu hata mwenye bwawa akilitaka.

Wapeleke wateja Kizimkazi, kusini mwa Unguja, wakawaone pomboo baharini, ila si kwa mtindo wa boti kumi kuwafukuza. Utafiti uliofanyika hukohuko umeonyesha kwamba boti zikizidi pomboo wanapunguza kupumzika na kutafuta chakula. Mpe nahodha masharti kabla hujamlipa: zisizidi boti mbili kwenye kundi, zikae mita 50 kutoka kwao, zisipitishe dakika 30, akaribie kutoka ubavuni kwa mwendo wa kutembea, asiwakate mbele. Wakiwa wamebanana, wanapanda na kushuka pamoja polepole, wamelala. Hapo hakuna anayeruka majini. Kukiwa na mtoto wa pomboo, vilevile.

SWALI: Nafanya kazi hoteli moja Mbezi Beach. Bosi anataka tangi la lita 600 mapokezi, maji ya chumvi, samaki wa matumbawe na papa mmoja mdogo. Mimi ndiye nitakayelitunza. Nianzie wapi?
*Mhudumu, Mbezi Beach*

JIBU: Anzia kwa kumtoa papa kwenye mpango. Papa wa miamba wengi lazima waogelee ili maji yapite kwenye matamvua, na kwenye tangi lenye kona wanagonga pua hadi inaoza. Anayeuzwa akiwa wa sentimita 40 ni mtoto, atafika mita moja na nusu. Pweza, mkunga na taa nao hapana.

Samaki wa matumbawe wanawezekana, lakini jua unachokitaka. Chumvi 1.025 kwa kipima uzito wa maji, joto nyuzi 25 hadi 27, amonia na naitraiti sifuri. Tangi jipya linakaa wiki 4 hadi 6 bila samaki hadi bakteria wa chujio wajijenge. Kosa la mahoteli karibu yote ni kujaza samaki siku ya ufunguzi, wiki ya pili wanaelea. Jenereta lisikudanganye: hakikisha soketi ya pampu iko kwenye laini ya jenereta, maana mara nyingi wameunganisha taa na AC tu. Nunua pampu ya hewa ya betri. Maji ya vuguvugu yanashika hewa kidogo, na tangi lililojaa samaki linaanza kuhema juu ndani ya saa moja au mbili. Chujio la kopo likizima kwa saa nyingi, usiliwashe hivyohivyo. Maji yaliyooza ndani yatamwagika kwa samaki wote. Lisuuze kwanza.

Ukituuliza sisi tungemshawishi bosi aweke mbuna, samaki wadogo wa miambani wa Ziwa Nyasa, waliozalishwa kwenye matangi. Rangi za bluu na njano kama za matumbawe, hawahitaji chumvi, wanapenda maji magumu yenye pH 7.8 hadi 8.6, na hakuna aliyebomoa mwamba kuwapata. Maji ya bomba yaondolewe klorini kwanza.

SWALI: Ni mzaliwa wa Nungwi, nafanya kazi Temeke. Ndugu yangu analisha watu tisa kwa bwawa la kasa. Kabla ya watalii, kasa walikuwa wanachinjwa tu. Ninyi mnaandika watu wasiende. Yeye ale nini?
*Mzaliwa wa Nungwi, Temeke*

JIBU: Ndugu yetu, la kuchinjwa ni kweli. Kizimkazi yenyewe hadi katikati ya miaka ya 1990 pomboo waliwindwa kuwa chambo cha papa, na pesa ya wageni ndiyo iliyochangia kuusimamisha uwindaji ule. Kwa hiyo hatusemi wageni waondoke. Tunasema walipie kitu kingine, na ndugu yako ana mahali, jina na ujuzi wa kuanzia.

Watamu, Kenya, wamefanya hivyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Mvuvi akinasa kasa anapiga simu, anafidiwa usumbufu wake, kasa anapimwa, anafungwa kibati, na mzima anaachiwa mara moja. Mgonjwa anakwenda tangini na mgeni analipa kumwona kwa mbali akisikiliza habari zake. Fidia hiyo ina hatari yake, ndiyo maana inabaki ndogo na hailingani hata kidogo na bei ya kumuuza. Ikipanda ikawa mshahara, itakuwa ileile biashara ya mzee wa Kunduchi.

Ndugu yako hawezi kufungua lango kesho. Awaite maafisa uvuvi wa Zanzibar, ambayo ina sheria yake ya uvuvi ya mwaka 2010, na daktari wa mifugo, wahesabu na kupima kila kasa. Asipokee mzima mwingine tena. Asimamishe kuogelea na kulisha kwa mkono: mwani ufungiwe jiwe ushuke chini, kasa autafute mwenyewe bila kuona mtu, kwa miezi kadhaa. Wanaofaa waachiwe mmoja mmoja, na kila kuachiwa kutangazwe kwa wageni wiki moja kabla. Mgeni aliyesimama nyuma ya kamba akamwona kasa wa kilo mia anavuta pumzi ya kwanza nje ya bwawa atalipa zaidi ya yule aliyemshika mgongo. Tangi moja la wagonjwa libaki.

Aende pia Mafia akaone kwa macho. Kutoka Dar unapanda gari la Nyamisati pale Mbagala Rangi Tatu, kisha MV Kilindoni. Kati ya Juni na Septemba, kisiwani Juani, wageni wanalipa kuona watoto wa kasa wakitoka kiotani, na sehemu ya pesa inabaki kijijini na kwa walinzi wa viota. Hakuna anayewashika, hakuna mwanga wa simu, hakuna anayewabeba hadi majini. Oktoba hadi Februari, upande wa Kilindoni, ni zamu ya papa potwe, na mwogeleaji hukaa mita 3 kutoka ubavuni mwake na 4 kutoka mkiani. Aulize manahodha wa pale wanagawanaje zamu na pesa.

Kabla ya safari hiyo anunue daftari kubwa. Achore safu saba, ya mwisho tarehe ya kutoka, aanze kuandika na kasa mkongwe zaidi aliyenaye.